Makohozi Hayana Kitu, Lakini Naambiwa Nina TB ya Shavuni

Shikamoo Dokta,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, nauza nguo za watoto sokoni hapa Manyoni. Nakuandikia kwa sababu nimefika mahali sijui nimsikilize nani.

Miaka mitatu iliyopita kilinitoka kipele kidogo shavu la kulia, chini kidogo ya jicho. Hakiumi, hakiwashi, nikakiacha. Vikaja vingine, vikaungana, pakawa na doa lililonyanyuka, jekundu-jekundu, lina magamba. Duka la dawa wakasema ni choa, wakanipa krimu ya fangasi. Sikuona tofauti. Duka jingine wakanipa krimu nyeupe ya tyubu. Hiyo ilifanya kazi upesi, wekundu ukapungua, nikawa naipaka karibu mwaka mzima. Ila kila nikiacha linarudi kwa nguvu zaidi, na sasa limesogea limefika ubavuni mwa pua. Kule juu lilikoanzia pamebaki kovu jembamba, ngozi imejivuta.

Mteja mmoja aliniuliza mbele za watu kama nimeunguzwa na mkorogo. Sijawahi kupaka mkorogo maishani. Siku hizi najifunika mtandio hadi puani, hata jua likiwa kali.

Mama mkwe anasema nimetupiwa kitu, anataka nipelekwe kwa mganga wa huko kwao. Mwezi uliopita nikaamua kwenda kituo cha afya. Nikamkuta tabibu kijana, akaniangalia muda mrefu, akabonyeza kwa kidole, akauliza kama nakohoa. Sikohoi. Akapima makohozi hata hivyo, yakatoka hayana kitu. Nikadhani yameisha. Ndipo akasema bado anashuku TB ya ngozi, akanipa rufaa nikakatwe kinyama cha usoni kipimwe. Kwenye karatasi kaandika "lupus vulgaris" na alama ya kuuliza. Mdogo wangu akatafuta kwenye simu, akakuta lupus ni ugonjwa wa maisha, haponi mtu, unaharibu hadi figo. Usiku huo sikulala.

Dokta, kama makohozi ni safi, TB inatoka wapi? Nikikatwa usoni si ndiyo nitazidi kuharibika? Na kama ni saratani, likichokozwa si litasambaa? Mume wangu tangu asikie TB ametenga sahani na kikombe changu, na ananizuia kumbusu mtoto wetu mdogo wa miaka 3. Jirani yangu alitibiwa TB mwaka jana, ana vidonge vilivyobaki. Anasema nimeze wiki mbili, nikipata nafuu tutajua ndiyo yenyewe, kisu cha nini. Nina pia kijiti cha uzazi wa mpango mkononi.

Nilitaka kusahau: nililelewa na bibi, naye alifariki kwa kifua. Na mimi utotoni niliota matezi shingoni, yakapasuka yakatoa usaha, nikapona kwa dawa za miti shamba. Sijui kama hilo lina maana yoyote.

Mama Wawili, Manyoni

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa miaka mitatu ya kujificha.

Lina maana kubwa. Hayo ya bibi na matezi uliyoyaweka mwisho ndiyo yaliyonifanya nikae nikusome mara ya pili. Vimelea vya TB huingia kwa pumzi. Mtoto anayelala chumba kimoja na mtu mzima anayekohoa TB anavivuta. Wengi miili yao huvifungia ndani visilete shida. Kwa wengine huingia kwenye tezi za shingo, tezi zikavimba, zikalainika, zikapasuka na kuacha kovu lililokunjamana. Kidonda kikifunga mtu anasema amepona, lakini vimelea vyenyewe vinaweza kubaki hai mwilini miaka na miaka, kisha vikasafiri kwa damu au kwa njia za limfu hadi kwenye ngozi. Vikifika huko hupenda hasa uso: pua, mashavu, masikio. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa kwako, ila daktari utakayemwona lazima ayasikie hayo na aikague shingo yako kwa mikono yake. Usingoje akuulize.

Hapo swali lako la makohozi limejijibu nusu. Makohozi hutoka mapafuni. Kuyapima ili kujua kama shavu lina TB ni kama kuchungulia jikoni kumtafuta aliyelala sebuleni. Tabibu alifanya vizuri kuyapima, kwa sababu mtu anaweza kuwa na TB ya ngozi na ya mapafu kwa pamoja, na kwa sababu hiyohiyo bado unahitaji picha ya kifua. Lakini majibu safi ya makohozi hayasemi chochote kuhusu shavu. Na nikupe sifa ya kijana huyo: TB ya ngozi ni nadra hata miongoni mwa TB za nje ya mapafu, wengi wetu tunaipita bila kuitambua, yeye kaifikiria. Mwamini kwa hilo.

Hiyo "lupus vulgaris" aliyoandika ni jina la zamani la aina hii ya TB ya ngozi. Ule ugonjwa aliousoma mdogo wako kwenye simu ni mwingine kabisa, unatokana na kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Yanashabihiana jina tu. Huu aliokuandikia wewe unasababishwa na kimelea kilekile alichokitambulisha Robert Koch mwaka 1882, na unapona kwa vidonge. Kwa hiyo lala.

Sasa twende kwenye kisu, maana naona ndicho kinachokuzuia kwenda.

Doa kama lako, la polepole, lisilouma, linalopona upande mmoja kwa kovu huku likitambaa upande mwingine, linanifanya niifikirie TB mapema. Ila magonjwa mengine yanaweza kuvaa sura hiyohiyo. Kuna ukoma, ambao doa lake mara nyingi hupoteza hisia, ndiyo maana daktari atakugusa kwa pamba huku umefumba macho. Kuna sarkoidosi, ugonjwa usioambukiza unaojenga vinundu mwilini, kuna fangasi wa ndani ya ngozi, kuna ule lupus mwingine unaokaa kwenye ngozi tu, na kuna saratani. Daktari wa ngozi anaweza kukandamiza doa kwa kipande cha kioo ili damu ipishe, aone kama vinabaki vinundu vya manjano iliyoingia kahawia. Kwenye ngozi nyeupe hilo huonekana vizuri. Kwenye ngozi zetu nyeusi mara nyingi halionekani, kwa hiyo asipoona kitu usidhani amekuondolea shaka. Kipimo cha kudunga mkono na kuusoma baada ya siku 2 au 3, kile cha Mantoux, kikivimba sana kinaongeza uzito, lakini peke yake hakithibitishi ugonjwa, maana sisi wengi tulichanjwa BCG, ile chanjo ya TB, na wengi tumewahi kukutana na kimelea.

Kinachobaki ni kinyama chenyewe. Hawachukui nofu, mwanangu. Watakudunga sindano ya ganzi, utasikia mchomo wa ganzi hiyo na basi, kisha watatumia kichuma cha mviringo chenye upana wa milimita 4 hivi, au kisu kidogo, wachukue kipande kwenye ukingo ulio hai wa doa. Watashona uzi mmoja au miwili. Kovu lake litakuwa dogo kuliko lile ambalo ugonjwa umeshakuachia, na kila mwezi unaousubiri ugonjwa unaandika jingine. Doa lako limefika ubavuni mwa pua. TB hii ikiachwa hula gegedu la pua, na pua iliyoliwa hairudi kwa vidonge. Hilo ndilo la kuogopa.

Na kuhusu saratani: kuchukua kipimo hakuieneza. Ukweli ni kwamba TB ya ngozi ikikaa miaka mingi bila tiba, kovu lake linaweza kugeuka saratani. Hiyo ni sababu nyingine ya kukichukua kinyama.

Jambo moja nataka ulishike na ulitamke kwa mdomo wako siku hiyo, hata kama utaona haya. Waulize kama watatenga sampuli mbili. Moja inaingia kwenye formalini kwa ajili ya mtaalamu wa patholojia, atakayeangalia chini ya hadubini kama kuna vile vifundo vya seli ambavyo TB huvijenga. Nyingine inatakiwa iwekwe kwenye maji safi ya chumvi ya hospitali, bila formalini, iende kwenye GeneXpert, mashine inayotafuta chembe za urithi za vimelea vya TB, na kuoteshwa maabara. Formalini huua vimelea. Kinyama chote kikitumbukizwa humo, nafasi ya kuotesha imepotea, na ndiyo njia ya kujua vizuri kama vimelea vyako ni sugu kwa dawa. Nimeona wagonjwa wakirudishwa kukatwa tena kwa sababu ya hilo tu.

Majibu nayo usiyatarajie kesho. Kuotesha huchukua wiki 6 hadi 8. Halafu TB ya aina hii huwa na vimelea vichache sana ndani ya nyama, kwa hiyo GeneXpert inaweza kusema hakuna na kuotesha kukasema hakuna, na bado ikawa TB. Hapo daktari huunganisha vyote: sura ya doa, historia ya bibi na matezi, picha ya kifua, majibu ya patholojia. Akiridhika anaanza tiba na kuangalia ngozi inaitikiaje. Huko si kubahatisha, ilimradi vipimo vimechukuliwa kwanza na ametaja lini atalitazama doa upya.

Hapa ndipo pendekezo la jirani yako linapoharibika. Najua ana nia njema. Lakini hujui vidonge vyake ni vya awamu gani: vya miezi 2 ya mwanzo vina dawa nne ndani, vya miezi 4 ya mwisho vina mbili tu. Idadi hupangwa kwa kilo za mtu. Wiki mbili hazitoshi kukuonyesha nafuu kwenye ngozi, ila zinatosha kuwaharibu vimelea wasiote maabara, na kuwapa nafasi ya kuzoea dawa. Utaishia na doa lilelile, kipimo kilichovurugika, na pengine TB sugu ambayo tiba yake ni ndefu na ngumu zaidi. Vidonge hivyo avirudishe kliniki. Na mwambie kwa upole kwamba dozi ikiisha hakutakiwi kubaki kidonge. Kama vimebaki, naye akaonwe.

Ile krimu nyeupe sasa. Angalia tyubu yake. Kama imeandikwa "betamethasone" au "clobetasol", ni ya steroidi. Wekundu ulipungua kwa sababu krimu hizo hutuliza uvimbe, na papo hapo hupunguza kinga ya ngozi pale zinapopakwa, vimelea vikastarehe. Ndiyo maana ulikuwa unapata nafuu huku doa likitembea. Inaudhi kwamba dawa zenye nguvu namna hii zinauzwa kama mafuta ya kupaka. Usiendelee kuinunua. Kwa kuwa umeipaka muda mrefu, ukiiacha uso unaweza kuwaka na kuvimba kwa muda, kwa hiyo mweleze daktari umeitumia kwa kiasi gani na lini mara ya mwisho. Inaweza pia kubadili anachokiona mtaalamu wa patholojia.

Mume wako msomee aya hii. TB haiambukizwi kwa sahani, kikombe wala kubusiana. TB ya mapafu huambukiza kwa hewa, mgonjwa akikohoa. Ya ngozi haitoki shavuni ikarukia mtoto. Kidonda kikianza kutoa maji, kifunike kwa bandeji safi na unawe mikono, basi. Sahani zirudi mahali pake leo, na mtoto abusiwe. Kinachopaswa kufanyika ni wote nyumbani kuulizwa dalili za TB na kupimwa pale inapobidi, na mtoto wa miaka 3 atajwe waziwazi kliniki, kwa sababu picha ya kifua chako ikionyesha TB ya mapafu, yeye atahitaji kuchunguzwa na kupewa dawa za kinga. Utapimwa pia VVU, kama wanavyopimwa wote wenye TB. Usilichukulie kama tuhuma. Majibu yanabadili namna ya kukutibu. Ingefaa mume aje naye siku hiyo ayasikie haya kwa mhudumu wa TB mwenyewe.

Mama mkwe mwachie heshima yake. Akitaka kukuombea, akuombee. Ila kisipakwe wala kuchanjwa kitu kwenye shavu hilo.

Ikithibitika, tiba ni ileile ya TB ya mapafu: miezi 6, kila siku. Miezi 2 ya kwanza rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, zote zimo kwenye kidonge kimoja. Mwenye kilo 40 hadi 54 humeza vidonge vitatu kwa siku, akizidi hapo vinaongezwa. Miezi 4 inayofuata ni rifampisini na isoniazidi. Dawa hizi hutolewa bure kwenye kliniki za TB nchini, asikuuzie mtu. Kipimo cha kinyama ndicho kinachoweza kudai pesa; kama huna bima na mfuko hauruhusu, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ueleze hali yako kabla hujageuza nyumbani.

Mkojo utakuwa na rangi ya chungwa, na hata machozi na jasho. Si damu, ni rifampisini. Miguu ikianza kufa ganzi au kuchoma, sema, utapewa vitamini B6 kama hujapewa tangu mwanzo. Lakini macho yakigeuka manjano, ukitapika mfululizo, au ukianza kuona ukungu au rangi zikakuchanganya, acha vidonge na uende kliniki siku hiyohiyo. Usingoje tarehe ya kadi.

Umefanya vema kutaja kijiti. Rifampisini hulifanya ini livunje haraka homoni za kijiti na za vidonge vya majira, kinga inapungua. Ongeza kondomu, au zungumza na mhudumu wa uzazi wa mpango kuhusu kitanzi au sindano ya miezi mitatu, kabla ya kuanza dawa. Na kama unanyonyesha, dawa hizi hazikuzuii.

Utaona nini kwenye kioo? Wiki za kwanza pengine hakuna. Kati ya wiki ya 4 na ya 6 kwa kawaida doa huanza kushuka, magamba yanapungua, ukingo unaacha kutambaa. Hapo ndipo wengi huacha dawa kwa kuona wamepona, na hapo ndipo ninapowagombeza. Kama wiki hizo zikipita ukizimeza sawasawa na hakuna badiliko lolote, daktari lazima ajiulize upya: je, vimelea ni sugu, au ugonjwa ni mwingine? Mwulize hivyo bila woga. Mwisho wa miezi 6 ugonjwa utakuwa umekwisha lakini kovu litabaki, na weusi au weupe wa ngozi utachukua muda kutulia. Jikinge na jua kwa kofia pana, usiuchokoze uso kwa vipodozi vya kung'arisha. Madaktari wa upasuaji wa kurekebisha sura wanaweza kusaidia baadaye, vimelea vikishakwisha, si kabla.

Zamani huko Ulaya wenye ugonjwa huu walikuwa wakijifungia ndani kama unavyojifunga mtandio. Daktari Niels Finsen, mzaliwa wa visiwa vya Faroe, alifungua taasisi yake Copenhagen mwaka 1896, akawa anawaangazia nyuso kwa mwanga mkali uliokusanywa kwa lenzi. Kila kidoa kilihitaji muda wake, na mgonjwa alirudi siku baada ya siku. Ilisaidia wengi kiasi kwamba mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel. Huponi siku hizi kwa mwanga, wala usikae juani ukitarajia hivyo; nakutajia ujue kwamba walichokihangaikia wale kwa miezi na miaka, wewe utakichukua dirishani kwenye kliniki ya TB.

Hospitali ya rufaa ya mkoa Singida ndiyo njia yako ya kawaida. Ukiambiwa hakuna daktari wa ngozi, ulizia tabibu aliyesomea ngozi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha tangu 1992, na wametawanyika mikoani. Ulizia pia mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya yako. Huyo anajua kipimo kinachukuliwa wapi karibu zaidi, na wakati mwingine kinachosafiri ni sampuli, wewe ukabaki na watoto wako.

Siku ya kwenda usipake chochote usoni. Beba karatasi ya rufaa, majibu ya makohozi, tyubu zote mbili za krimu hata kama ni tupu, na orodha ya dawa yoyote uliyomeza miezi hii, hasa antibayotiki, kwa kuwa baadhi yake, kama zile za jamii ya siprofloksasini, huipunguza TB nusunusu na kuificha. Vua mtandio mwangani wauone uso wote na shingo. Na ukishapata majibu ya patholojia, niandikie yaliyoandikwa humo neno kwa neno.